Kupigana na Kupiganisha: Maneno ya Kiswahili katika Mjadala wa Mapigano ya Wanyama

Mchunga ng'ombe aonaye mafahali wawili wa kundi lake wakigongana pembe kando ya maji hupaza sauti akasema, "Ng'ombe zangu wanapigana." Sentensi hiyo ni fupi, wala hapana msemaji wa Kiswahili atakayeishangaa. Lakini mwanasarufi akiitazama kwa makini ataona kwamba imebeba mambo mawili yasiyokaa vizuri pamoja. Katika neno "zangu" ng'ombe wamehesabiwa miongoni mwa vitu, pamoja na nyumba na kalamu. Katika neno "wanapigana" wamehesabiwa miongoni mwa watu. Kwa yule awamilikiye ni mali, na kwa kitendo wakitendacho ni watendaji. Waalimu wa sarufi wamezoea kulieleza jambo hili kuwa ni la upatanisho wa ngeli tu, kisha wakapita. Hata hivyo ule ubishi mkubwa unaoendelea katika nchi za Afrika Mashariki, kwamba mapigano ya wanyama kwa ajili ya mchezo yaruhusiwe na sheria au yakatazwe, umo ndani ya sentensi hiyo karibu wote. Je, mafahali wanapigana, au yupo mtu anayewapiganisha?

Mkoa wa Songwe, uliokatwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, wafaa kuwa mahali pa kuanzia kwa sababu ambayo wengine wangeiona kuwa ni upungufu: haukujulikana kwa mchezo wa mafahali kama Pemba ijulikanavyo, wala kama Kakamega. Huko wako Wanyamwanga, Wanyiha, Wandali na Wabungu, na katika bonde la Ziwa Rukwa wako pia Wasukuma waliohamia na makundi yao ya mifugo. Fahali wa huko hupigana kama fahali wa popote. Hapana kiingilio, hapana mila kongwe inayotafuta wakili. Yupo fahali, yupo mchunga, na ipo sheria. Tena katika mkoa huo umo mji wa Tunduma, ambao upande wake wa pili, katika nchi ya Zambia, huitwa Nakonde. Wanyamwanga wako pande zote mbili za mpaka, na tangu mwaka 2019 malori hukaguliwa katika kituo kimoja cha pamoja. Watu ni wamoja na soko ni moja, lakini sheria ni mbili, na jambo la kuvutia kwa mchunguzi wa lugha ni kwamba mojawapo ya sheria hizo imepaswa, tangu mabadiliko yaliyofanywa na Bunge la Tanzania mwaka 2021, kusema Kiswahili. Nyingine ingali inasema Kiingereza.

Sheria za jambo hili katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza zina babu mmoja. Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku viwanja vya kupiganisha majogoo, na vile ambamo mbwa walichochewa wamshambulie fahali aliyefungwa kambani, michezo iliyopendwa huko na wakubwa kwa wadogo kwa karne nyingi. (Yafaa kukumbukwa na wale wasemao kwamba kuwahurumia wanyama ni tabia ya asili ya Wazungu.) Mwaka 1911 sheria za namna hiyo zilikusanywa upya, na kosa likatajwa kwa mpangilio ambao wajukuu wake wameurithi: mtu asisababishe, asiandae, wala asisaidie mapigano ya mnyama au uchokozwaji wake. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura 360, ni ya ukoo huo, na vivyo hivyo Sura 245 ya sheria za Zambia. Tanzania Bara ilitunga upya sheria yake mwaka 2008, nayo ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka huo. Tofauti ya majina si ya bure. Sheria yenye neno "ukatili" katika jina lake humtazama mtu na moyo wake. Yenye neno "ustawi" humtazama mnyama na hali yake.

Mfasiri akikaa na maneno ya Kiingereza ya mwaka 1911 ataona kwamba jina-kitenzi lililotumika halisemi ni nani apiganaye wala ni nani atakaye wapigane. Kiingereza kinaweza kuuacha uficho huo na bado kikawa kimesema sawasawa. Kiswahili hakiwezi. Mfasiri akiandika "mapigano ya wanyama" au "kupigana kwa wanyama," amewataja ng'ombe kuwa watendaji, na mtu amebaki nje akiwa msababishaji wa jambo ambalo, kwa maneno yenyewe, lina wenyewe. Akiandika "kuwapiganisha wanyama," mtu amekwisha kuwa mtenda wa kwanza, na ng'ombe amerudi kuwa mtendwa. Si tofauti ya madoido. Ni tofauti ya nani ataitwa mbele ya hakimu.

Inafaa kitenzi hiki kichunguzwe kidogo. Shina ni "piga." Kiambishi "-an-" kikifuata, wapigaji wanakuwa wawili na kila mmoja ni mpigwa wa mwenziwe: "pigana." Kiambishi "-ish-" kikija juu ya hicho, anaingia mtu wa tatu ambaye hapigi wala hapigwi: "piganisha." Utaratibu wa viambishi hivyo haubadilishwi bila maana kubadilika, kwani "pigishana" ni jambo jingine kabisa. Basi huyu wa tatu ni nani katika Kiswahili? Akitazamwa katika "gombanisha," "farakanisha" na "chonganisha," ni mtu mbaya: ni mfitini. Akitazamwa katika "patanisha," "kutanisha" na "unganisha," ni mtu mwema, pengine ni mzee wa mtaa. Na katika "shindanisha" na "linganisha" si mwema wala si mbaya. Hivyo wale wadaio kwamba neno "kupiganisha" limekwisha kumhukumu mtu kabla ya kesi hawana ushahidi katika lugha. Kauli ya kutendesha haimtii mtu hatiani. Inamtoa tu mafichoni, ikamsimamisha mahali aonekane.

Maficho hayo ni ya zamani, nayo yamo hata katika methali. Kila mtoto wa shule ajua kwamba wapiganapo mafahali wawili ziumiazo ni nyasi, na kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Ni methali nzuri, na wanasiasa wamezichosha. Lakini katika zote mbili mchunga hayupo. Zizi lipo, ila aliyelijenga hatajwi. Malisho yapo, ila aliyewaleta mafahali wote wawili malishoni hatajwi. Methali imewachukua ng'ombe iwafanye watu wakubwa, na kwa kufanya hivyo imewaondoa watu halisi. Mtu aliyelelewa kwa methali hizo huona vyepesi kusema kwamba fahali hupigana kwa sababu ni fahali, akaona ameeleza yote.

Huko Pemba lugha imetengeneza neno jingine. Mchezo wa ng'ombe wa Pemba si wa fahali na fahali bali wa mtu na ng'ombe: ng'ombe hufungwa kamba ndefu, mchezaji humwendea na kitambaa, naye humkwepa, zumari na nyimbo za wanawake huupamba uwanja, na ng'ombe hauawi. Mchezo huu umehusishwa na mavuno na pia na kuomba mvua. Vitabu vingi husema umetoka kwa Wareno, waliokuwa na nguvu katika pwani hii mpaka walipopoteza Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Dai hilo limerudiwa mara nyingi kiasi cha kuonekana kuwa kweli, lakini msingi wake mkubwa ni kufanana kwa kitambaa na kitambaa. Watu wanaofuga ng'ombe wenye pembe hawahitaji Mreno awafundishe kuruka pembeni. Hata hivyo kwa mjadala wa sasa asili ya mchezo haina uzito ambao pande zote mbili huipa, maana jambo baya halifanywi jema kwa kuwa la kale, wala jambo jema halifanywi baya kwa kuwa lilikuja na jahazi.

Chenye uzito ni kitenzi. Wapemba husema "kucheza ng'ombe." Hapa ng'ombe amesimama mahali wasimamapo ngoma na karata: hucheza ngoma, hucheza karata, hucheza ng'ombe. Yeye ndiye mchezo wenyewe. Ni tofauti na "kumchezea ng'ombe," ambayo ingekuwa dharau na uchokozi, kama vile mtu aonywavyo asimchezee simba. Lugha ya Pemba imeikwepa "-e-" hiyo kwa uangalifu, na hapo pana hekima, kwani imekubali wazi kwamba yupo mchezaji na yupo mchezwa, isidai kamwe kwamba ng'ombe mwenyewe ametaka. Ubaya wa neno hilo ni kwamba limemfanya ng'ombe kuwa kama karata, na karata haichoki wala haipati kiu. Tena ipo kamba. Watetezi wa mchezo huu husema, na ni kweli, kwamba damu haimwagiki. Ila hawasemi kwamba ng'ombe aliyechoka hawezi kwenda zake mpaka wenye kamba watake. Jambo hili litarudi.

Kuhusu utawala wa jambo lenyewe, mambo ya mifugo si ya Muungano, na kwa hiyo sheria ya mwaka 2008 haikuvuka maji kwenda Pemba. Mtu wa Momba amefungwa nayo na mtu wa Wingwi hakufungwa nayo, ingawa wote wawili ni raia wa jamhuri moja.

Mahali ambapo ubishi umekuwa mkali zaidi ni Kakamega, katika magharibi ya Kenya, miongoni mwa Waisukha na Waidakho. Huko fahali hukutanishwa na fahali. Asubuhi na mapema wenyewe huwaleta kutoka vijijini, ngoma ya isukuti ikiwatangulia, umati ukikimbia nyuma na fimbo na matawi mikononi. Katika viwanja kama Malinya wa Ikolomani wanyama wawili huelekezwa mmoja kwa mwenziwe, hugongana vichwa, husukumana, na mara nyingi jambo huisha kwa mmoja kugeuka na kukimbia. Aliyekimbia ameshindwa. Mapigano huandaliwa pia katika msiba wa mzee mwenye heshima. Isukuti yenyewe iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka. Lakini ni ngoma iliyoandikwa, si mafahali, na watetezi wanapoutaja uandikishaji huo kana kwamba umeyabariki mapigano wanaazima cheti cha mwingine.

Hali ya sheria huko ni ya ajabu. Sura 360 yakataza mapigano ya wanyama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 11, yautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Na mapigano hufanyika hadharani, viongozi wakihudhuria. Mwanasiasa mmoja maarufu wa huko, Boni Khalwale, aliyekuwa mbunge wa Ikolomani na baadaye seneta wa Kakamega, amejichukulia mchezo huu kuwa lakabu yake mwenyewe. Hapana aliye tayari kuitekeleza sheria, na hapana aliye tayari kuifuta. Sheria ya namna hii, iliyoandikwa kwa Kiingereza na isiyosomwa uwanjani na mtu yeyote, ina ubaya kuliko kutokuwapo kwa sheria, kwa sababu huwaacha wanyama bila ulinzi wowote na huwaacha watu wakiwa wahalifu kila asubuhi ya mchezo.

Hoja ya kwanza ya watetezi wa Kakamega ni kwamba fahali hupigana kwa asili yake, na kwamba mtu hawezi kuzuia maumbile. Ni hoja ya kauli ya kutendana, nayo haisimami. Fahali wa uwanjani hakukutana na mwenziwe kwa bahati kisimani. Amechaguliwa akiwa mdogo, ametengwa na wenziwe, amelishwa kwa wingi asifanyishwe kazi, amepewa jina, amesindikizwa kwa ngoma mpaka kwa adui aliyechaguliwa na watu kwa kulinganisha nguvu. Kupiganisha hakukuanza pale pembe zilipogusana. Kulianza miezi mingi kabla, zizini, siku aliyotengwa. Mwenye fahali mwenyewe analijua hilo, maana fahali wake akishinda hujisifu yeye, hashangilii maumbile. Haiwezekani mtu achukue sifa kwa kauli ya kutendesha akajitetea kwa kauli ya kutendana.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo haikujibiwa vema na wapingaji: kwamba fahali wa Kakamega ana njia ya kutoka. Hakufungwa. Akiona mwenziwe amemzidi, hugeuka akaenda, na kwa kwenda kwake mchezo umekwisha. Kanuni ya mchezo imeijengea heshima haki ya mnyama ya kukimbia, kwa kuifanya iwe ndiyo alama ya mwisho. Hapo ndipo inapobidi kuikumbuka ile kamba ya Pemba. Katika fikira za watu wengi mchezo wa Pemba ni mpole na wa Kakamega ni mkali. Ukipimwa kwa kipimo cha njia ya kutoka, amri yageuka. Mnyama wa Kakamega huumia zaidi pengine, lakini humaliza mwenyewe. Mnyama wa Pemba huumia kidogo, lakini humalizwa na wengine. Kipimo hiki huonyesha vilevile kwa nini jogoo aliyefungwa kisu mguuni, kama ifanyikavyo kwa ruhusa ya sheria katika nchi ya Ufilipino, hawezi kulinganishwa na fahali: kisu huwahi kabla ya kukimbia. Na huonyesha mahali ambapo Kakamega yenyewe hujichafua. Umati ukimzingira fahali anayetaka kwenda, ukamrudisha kwa fimbo na makelele, basi kanuni imevunjwa, na kilichobaki ni mateso.

Mnamo Januari 2024 fahali mmoja wa Khalwale alimuua mtunzaji wake. Kwa desturi ya huko mnyama amuuaye mtu huuawa, na fahali huyo aliuawa kwa mkuki. Tukio hilo lilizusha maneno mengi, na wengi walilitazama kama msiba wa mtu mmoja au kioja cha mwanasiasa. Kwa mchunguzi wa maneno lina jambo jingine. Siku zote za uhai wake fahali wa uwanjani alikuwa "zangu," mali ya mtu, akipewa nguvu ili nguvu hizo ziwe sifa ya mwenyewe. Siku aliyoua akawa mtenda mwenye hatia, akabeba peke yake adhabu ya kitendo. Desturi ilimhesabu kuwa mali alipokuwa akishinda na kuwa mtu alipokosea.

Wapingaji nao wana neno lao, "ukatili," na wamelitumia mpaka limepoteza makali. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo shina lake ni la kuua. Msikilizaji wa Kiswahili hafikirii Kiarabu anapolisikia, lakini harufu ya damu imebaki ndani yake, na ndiyo sababu mtetezi wa mchezo huona rahisi kujibu, "Ukatili uko wapi, na hapana aliyekufa?" Amelijibu shina la neno, na umati umemshangilia. Laiti wapingaji wangetumia "kutesa," wasingepata jibu hilo. Mateso hayahitaji maiti. Mnyama aliyekimbizwa juani, aliyetobolewa ubavu, aliyerudishwa uwanjani akitetemeka, ameteswa hata akirudi nyumbani kwa miguu yake, na hapana mtetezi awezaye kuligeuza neno hilo kwa mzaha.

Kanuni inayoitwa ya uhuru tano, iliyotungwa Uingereza na kukubaliwa na wataalamu wa mifugo duniani, hutajwa na pande zote mbili, na si kwa unafiki. Uhuru mmojawapo ni wa mnyama kufuata tabia yake ya maumbile. Mwingine ni wa kutokuwa na hofu na dhiki. Mwingine ni wa kutopata maumivu na majeraha. Mtetezi hushika ule wa kwanza, mpingaji hushika hii mingine, na kila mmoja husema kweli. Fahali asiyepata kamwe kupimana nguvu na mwenziwe amenyimwa kitu. Ila kitu hicho chapatikana malishoni, bila kiingilio wala kamari.

Nchi za mbali zimeyapitia haya kwa njia zao. Katika pwani ya Batina ya Oman, hasa Barka, mafahali hugonganishwa vichwa na kuvutwa kwa kamba mara mshindi ajulikanapo. Wako Waomani wenye jamaa Unguja na Pemba. Nchini India Mahakama ya Juu ya nchi ilipiga marufuku mwaka 2014 mchezo wa Watamili wa kumkamata fahali nundu. Mwaka 2017, baada ya maandamano makubwa, jimbo la Tamil Nadu likatunga sheria ya kuuruhusu kwa masharti, na mwaka 2023 mahakama ileile ikaikubali. Funzo la India kwa mfasiri si kwamba mchezo ulishinda. Ni kwamba ruhusa ilipotolewa ilibidi kila sharti liandikwe, la uwanja, la daktari wa mifugo, la afya ya mnyama, na mtu aliyekuwa amefichwa ndani ya neno "mila" akatajwa kwa kazi yake.

Basi turudi Songwe, mahali pasipo na mila ya kujifichia. Mfasiri wa sheria akiandika "kuwapiganisha wanyama," amefanya kazi njema: mwenye kuandaa, mwenye kukusanya viingilio na mwenye kuweka kamari wote wamenaswa, na mafahali wa kisimani wako huru kuwa mafahali. Lakini amebakiza mtu mmoja ambaye neno hilo halimgusi vizuri, naye ndiye anayepatikana kwa wingi zaidi katika bonde la Rukwa na malisho ya Momba: mtoto wa umri wa miaka kumi na miwili, mwenye fimbo, aliyewaona mafahali wa makundi mawili wakisogeleana naye akasimama atazame. Hakuwaandaa. Hakuwachochea. Pengine hakuweza kuwatenganisha hata angetaka, maana fimbo ya mtoto haizuii ng'ombe dume wawili. Pengine aliweza, akapenda kuona nani atashinda.

Kiingereza cha mwaka 1911 humfikia kwa neno la kusaidia, na humfikia vibaya, kwa kuwa hakitofautishi kusimama na kushiriki. Kiswahili kina chombo bora, nacho kiko katika viambishi tu. "Aliwaacha wakipigana" ni maneno ya mtu aliyeyakuta mambo: "-ki-" yasema kwamba kupigana kulikuwapo tayari, naye aliondoka au alishindwa. "Aliwaacha wapigane" ni maneno mengine. Ile "-e" ya mwisho yatia nia, yasema kwamba kupigana ndiko alikokutaka, au angalau alikokuridhia. Msemaji wa mjini Zanzibar hatachanganya mawili hayo hata usingizini. Fasiri ya sheria ingeweza kuyatumia waziwazi: ni kosa mtu mzima mwenye uwezo wa kuwatenganisha kuwaacha wapigane kwa ajili ya mchezo, na si kosa la mtu kuwaacha wakipigana.

Tatizo ni kwamba mtoto wa Momba hatoi ushahidi katika Kiswahili cha mjini Zanzibar. Lugha ya nyumbani kwake ni Kinyamwanga au Kisukuma, na Kiswahili amekipata shuleni na sokoni Tunduma, ambako kimechanganyika na Kibemba cha madereva na wachuuzi wa Nakonde. Akiulizwa alifanya nini, huenda akasema "niliwaacha wapigane" akimaanisha tu kwamba hakuwa na la kufanya. Karani ataandika kama alivyosikia, herufi kwa herufi, na hakimu, akiwa msomi, atayasoma maneno hayo kwa sarufi yake.